Ng'ombe wa Shukrani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikabeba kabichi kichwani kutoka Shume, na serikali iliporuhusu biashara huria nikanunua lori, waliosoma wakiwa bado wanasubiri mshahara.

Dereva alikuwa mdogo wangu, mpaka mikono ilipoanza kumgomea. Gea ilimshinda, kisha kijiko. Daktari alisema neva zinazoendesha misuli zinakufa, dawa hakuna, ila atampima damu kila baada ya miezi kadhaa aone ugonjwa unakwendaje. Nililipa mimi, na majibu nikachukua mimi.

Namba kwenye majibu ikashuka. Kipimo kilichofuata ikashuka tena. Sasa huku milimani nani hajui kusoma majibu ya malaria? Wadudu kumi wakibaki watatu, mtu anapona.

"Umepona," nikamwambia. "Umebaki uvivu."

"Kaka, sijapona." Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Wewe na damu yako, nimwamini nani?"

Mkewe akaingilia. "Shemeji, shati namvisha mimi."

"Ndiyo maana. Umemdekeza kama bibi harusi."

Nikatoa ng'ombe wa shukrani. Sisi Walutheri, lakini kisu nilimpa jirani Mwislamu ili watu wote wale. Daktari naye nilimwalika, aje aone kazi ya pesa yangu.

Kwetu aliyepona husimama akashukuru watu ndipo sahani zipite. Mdogo wangu aking'ang'ania kiti, nilimwinua kwa makwapa, mwepesi kama tenga tupu, nikamwachia watu wamwone. Akaanguka kifudifudi, jino likavunjika.

Daktari alimgeuza, akamfuta damu. Nikamwekea majibu mbele ya macho: namba si zinashuka?

"Mzee, kitu hiki kwenye damu kinatoka kwenye misuli," akasema. "Kinashuka kwa sababu nyama ya mwili wake inakwisha. Ungeniuliza."

Wali unapoa.

"Wape wale, kaka," mdogo wangu akasema pale chini. "Ukingoja nife, utachinja tena."

Nikaamuru sahani zipite. Alipokufa sikuchinja; watu walikuwa wameshakula. Ng'ombe, mchele, turubai na kung'oa kile kipande cha jino, jumla vilinila shilingi laki moja arobaini na tatu elfu, mia sita na hamsini.