Bibi Harusi Mikononi mwa Wifi

Angalau angeanguka kutoka mgongoni mwa farasi, angekuwa na la kusimulia. Lakini Msumari, mwanamke aliyezoea kuruka vikwazo vinavyomfikia mtu kifuani, aliteleza bafuni kwake kwa kukanyaga kipande cha sabuni. Mtulinga, mfupa wa begani, ukavunjika. Daktari akamfunga mkono kifuani na kumwambia asahau farasi mpaka mfupa uunge, naye akarudi nyumbani amenuna kana kwamba sabuni ile iliwekwa pale na adui.

Msumari ni jina la klabuni, alilopewa kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyokaa wima kwenye tandiko. Kazi yake ni kushona mapazia, katika duka lenye meza ndefu ya kukatia na mashine mbili, moja nzima na moja inayotaka kubembelezwa. Baba yake alikuwa mtunza farasi, kwa hiyo binti alijua kumpiga farasi brashi kabla hajajua kusoma. Jioni, akishafunga duka, hushika njia ya klabu, na huko ndiko alikomlea farasi jike mweupe waliyemwita Bibi Harusi, kwa maringo yake na kwa kutopenda kuharakishwa. Bibi Harusi hakuwa wake, alikuwa mali ya klabu. Lakini ungemwambia hivyo, angekukata jicho mpaka ujute.

Msimu wa mashindano ulikuwa unaanza na kocha hakuweza kuusubiri mfupa. Bibi Harusi akapewa wifi yake Msumari, mdogo wake mume, msichana mchangamfu anayeuza katika duka la dawa. "Kwa muda tu," kocha alisema. Na nani aliyemleta wifi huyo klabuni? Msumari. Nani aliyemfundisha kushika hatamu, akamfuta machozi alipoanguka mara ya kwanza? Huyo huyo. Walikuwa chanda na pete. Hakuna umbea uliopita mjini usisimame kwanza jikoni kwa Msumari, wifi kaegemea jokofu, Msumari anacheka hadi anashika ubavu. Mume alikuwa akilalamika kwamba dada yake haji tena kumwona yeye.

Mfupa ulipounga, Msumari alirudi klabuni na buti zake zimepigwa rangi hadi zinang'aa. Akakuta mambo yamemwendea vizuri kila mtu isipokuwa yeye. Bibi Harusi alikuwa anashinda.

"Kocha, nimepona," alisema.

"Nakuona, na nimefurahi. Lakini timu inakwenda, sasa niivuruge? Chukua Gunia kwanza. Mashindano ya mwisho yakiisha, nitaamua Bibi Harusi abaki na nani."

Gunia, jina lilimwenea. Alikuwa farasi mpole, mpana, asiye na haraka ya dunia, na fito za vikwazo alizigonga bila hata kuona haya. Katika mchezo huu kila ufito unaoanguka ni makosa manne. Timu ni watu wanne, lakini yanayohesabiwa ni matokeo ya watatu. Ya aliyeharibu zaidi hutupwa. Mashindano baada ya mashindano, yaliyotupwa yalikuwa ya Msumari. Alikuwa anavaa, anapanda, anatoka jasho, kisha anatupwa, halafu anaitwa kwenye picha ya ushindi asimame pembeni na kutabasamu.

Basi wivu ukamwingia, na ulipoingia haukubisha hodi. Mimi sitampaka mafuta. Alikuwa na wivu wa mke mkubwa. Alikuwa akipita bandani anajifanya anatafuta ndoo, kumbe anachungulia nani kamsuka Bibi Harusi singa, na kwa mtindo gani. Siku moja alikuta kitambaa cha tandiko kimeanikwa, akakinusa. Alimkuta wifi amesimama na farasi kamlazia kichwa begani, kope zimelegea, raha mustarehe. Bega lile lilikuwa zima. Lake lilikuwa na uvimbe mdogo pale mfupa ulipoungia.

Nyumbani hapakuwa na nafuu. Mume alikuwa na video za dada yake kwenye simu, na alizionyesha mezani mpaka chakula kikapoa.

"Tazama hapa anavyokata kona. Tazama, mke wangu!"

"Nimeona."

"Hujatazama. Unanuna kwa ajili ya farasi? Ni farasi tu."

"Na wewe ni mwanamume tu," Msumari alimjibu, akaondoa sahani ambayo mwenyewe alikuwa hajaimaliza.

Dukani alimkatia mteja pazia likaishia magotini mwa dirisha, ikabidi anunue kitambaa kingine na kuomba radhi. Alikuwa anakata huku akili iko bandani.

Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho wifi hakuwa nacho, na alikishika kwa nguvu zote. Bibi Harusi aliogopa maji. Viwanja vingine huwa na dimbwi, shimo pana la maji ambalo farasi hulivuka kwa kujinyoosha, na Bibi Harusi akiona maji yanametameta husita, hukunja shingo, hutaka kusimama. Msumari aliligundua hilo zamani, na dawa yake vilevile. Ukifika karibu, kabla hajakata shauri, piga kidoko kimoja cha ulimi, kikali. Akikisikia anatega masikio na kuruka kama hajui hofu ni nini. Dawa ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Na hakuna aliyejua, maana aliyekuwa mgongoni siku zote alikuwa yeye.

Mashindano ya mwisho yangefanyika kwenye kiwanja chenye dimbwi. Kwenye mazoezi wifi alijaribu kwa visigino, akajaribu kwa fimbo, akajaribu kwa maneno matamu, farasi akasimama ukingoni na yeye akatua majini bila farasi. Akaja kwa Msumari, matope hadi kiunoni.

"Dada, hebu niambie. Wewe kwenye maji ulikuwa unamfanyaje?"

"Sikuwa namfanya chochote."

"Hata kidogo? Maana mimi nimeshindwa kabisa."

"Alikuwa anaruka tu."

Akamwuliza tena wiki iliyofuata, na tena walipokuwa wanapakia vifaa kwenda mashindanoni. Jibu lilikuwa lile lile, na kila mara Msumari aliliona tamu kidogo, halafu chungu baadaye.

Siku yenyewe, Msumari na Gunia walitangulia. Fito mbili zikaanguka. Aliyetangulia hutakiwa kurudi kuwaeleza wenzake kiwanja kikoje, naye akawaeleza yote: kona ipi inateleza, kikwazo kipi kinadanganya macho. Kuhusu dimbwi alisema ni pana, basi. Mwenzao wa pili, mwalimu wa hesabu, akapanda akaangusha mmoja. Wa tatu, fundi bomba, akatoka safi. Hesabu ikabaki wazi kwa kila mtu pale: wifi akitoka safi, kombe ni lao. Akiangusha hata ufito mmoja, limekwenda.

Msumari hakukaa na timu. Alikwenda kusimama kwenye uzio kando ya dimbwi, karibu na mwamuzi wa maji, mzee mwenye kibendera aliyeketi kwenye kiti cha plastiki kuangalia kama kwato zinagusa maji. Asingesema kwa mtu kilichompeleka pale, ila moyoni alikijua. Alitaka kumwona wifi anashindwa, tena kwa karibu.

Wifi akaja. Kikwazo cha kwanza safi, cha pili safi, kona, viwili vya kufuatana, safi. Watu wakaanza kushusha pumzi kwa pamoja kila farasi akitua. Kisha akageuka kulielekea dimbwi, na Msumari akaona kile alichokuja kukiona. Shingo ikakunjika. Hatua zikafupika. Wifi akakaza visigino, uso umemtoka rangi, na farasi akaanza kuzungusha jicho, weupe wote nje, hana pa kwenda, nyuma fimbo na mbele maji.

Msumari alikuwa na ujuzi wote wa sheria za mchezo ule. Alijua kwamba mpandaji akisaidiwa kutoka nje, kwa sauti au kwa ishara, anaondolewa papo hapo, hakuna mjadala. Lakini saa ile aliliona jicho lile tu, na ulimi ukafanya kazi yake.

Kidoko kilitoka kikali kama kijiti kinachovunjwa. Bibi Harusi akatega masikio, akajinyoosha, akayavuka maji kwa upana ambao Msumari mwenyewe hajawahi kuupata juu yake. Uwanja mzima ukashangilia. Mzee wa kiti cha plastiki akageuza kichwa taratibu, akamtazama Msumari, akainua kibendera. Kengele ikalia.

Wifi akaondolewa. Katika matokeo ya timu yakatupwa ya wifi, na kwa mara ya kwanza msimu ule ya Msumari yakahesabiwa. Yakawashusha hadi nafasi ya nne.

"Umetuua," kocha alimwambia, sauti chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Miaka yote hii unajua sheria. Ukaenda kusimama pale kusudi."

"Nilikuwa namsaidia."

"Nani akuamini, Msumari?"

Mwalimu wa hesabu akatazama viatu vyake. Mume, aliyekuja na maua ya dada yake, akayaweka kwenye kiti cha gari na kufunga mlango. Msumari akawaacha, akaenda bandani, roho inamuuma kwa kusingiziwa. Safari hii hakufanya hila, alijiambia. Safari hii alikuwa hana kosa.

Wifi alikuwa anampangusa Bibi Harusi jasho. Hakugeuka.

"Wanasema ulifanya makusudi," alisema. "Mimi nimewaambia hapana. Nilikuwa juu yake, nilimsikia alivyobadilika. Ulinisaidia."

Msumari akahisi machozi ya shukrani yanakuja. "Wewe peke yako umeelewa."

"Ndiyo, nimeelewa." Sasa akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ni kidoko tu, dada? Nimekuuliza mara ngapi? Nimeanguka pale, nimempiga fimbo mnyama wa watu bure, nikidhani mimi ndiye sijui. Ni kidoko tu?"

Msumari akatafuta uongo mwingine, akakosa hata mmoja.

"Nilikuwa na wivu," alisema.

"Wa farasi?"

"Wa yote. Wa farasi, na wa wewe."

Wifi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la swali dogo. Akakunja taulo, akalining'iniza mlangoni, akafungua kamba iliyomfunga farasi na kumwekea Msumari mkononi.

"Nitamwambia kocha mwenyewe. Sitaki kupanda tena. Mchukue."

Akaondoka. Hakutukana, na Msumari alisimama akisubiri tusi ambalo lingemfariji. Alibaki bandani na kamba mkononi, na Bibi Harusi kando yake akitafuna taratibu. Alikuwa amempata farasi wake. Jambo kubwa kama hilo, siku zote, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa wifi.