Vidole Vinne Ukutani

Bi Zeyana alipomaliza sala ya alfajiri na kutoka uani, alikuta majivu ya jiko lake yamechimbuliwa. Makaa yote makubwa aliyoyazima jana hayapo. Ukutani palikuwa na alama nyeusi za mkono. Vidole vinne, dole gumba hakuna.

Alizifuta. Asubuhi iliyofuata zilikuwa nyingi zaidi, na moja ndogo kama ya mtoto mchanga.

Nyumba ile, njia ya kwendea Makunduchi, waliijenga yeye na mumewe Ubwa. Alibeba mawe kichwani na mimba tumboni. Mimba ilitoka, mawe yakabaki. Kisha Ubwa akapata mke kijana huko Bububu, akampa Zeyana talaka kwa simu, na sasa alitaka nyumba aiuze. Zeyana hakuwa na pengine pa kwenda.

Salhiya, dada yake Ubwa, alikaa jirani. Yeye ndiye jirani wa kwanza kuziona alama.

"Nani huyo anakupapasia kuta, wifi? Nshakwambia, ukipata mume mwengine tualike."

"Angalau huyu anakuja."

Salhiya hakucheka. Alikuwa amevihesabu vile vidole. Alirudi kinyumenyume mpaka njiani, na kufikia adhuhuri kijiji kizima kilisema Zeyana anafuga shetani.

Zeyana mwenyewe aliogopa. Kulipopambazuka alijibanza nyuma ya mlango wa uani. Kuku walinyamaza wote kwa pamoja. Kisha wakateremka kutoka kwenye mti wa mkungu, mmoja baada ya mwengine, bila sauti: kima punju, nyuso nyeusi, nywele nyeupe zimewasimama kama vikongwe waliotoka kitandani. Jike mmoja aliyebeba mtoto aliokota kipande cha mkaa, akakitafuna taratibu huku akimtazama Zeyana kupitia ufa wa mlango. Mtoto akampokonya kipande mdomoni, naye akatafuna. Mkono wake ulishika ukuta. Vidole vinne, ndivyo walivyoumbwa.

Hapo Zeyana akaelewa. Msitu wao wa maweni ulikatwa, ukachomwa mkaa. Wakakimbilia mashambani, wakala majani ya mikungu na miembe ya watu, majani makali yanayosokota tumbo. Mama yake Zeyana alikuwa akimnywesha mkaa uliosagwa mbuzi aliyekula majani ya muhogo, na hawa nao walikuwa wameijua dawa yao. Walikuwa wanakula miti yao wenyewe, ikiwa imeshaungua. Jambo hilo lilimtisha kuliko shetani.

Ijumaa Ubwa akaja, dada yake nyuma.

"Funga virago, Zeyana. Nnauza."

"Ingia kwanza uitazame mali yako."

Aliingia. Akaziona alama dirishani, mlangoni, mpaka juu kwenye boriti. Akakumbuka habari za shetani alizopewa na dada yake.

"Wangapi?"

"Wanakuja na watoto wao."

"Wanataka nini?"

Neno moja tu, kima, na Ubwa angecheka, na Zeyana magharibi ingemkuta barabarani na furushi lake.

"Wanakula kilichoungua," alisema. "Mimi wananijua, hunitazama kila siku. Wewe hawajakuona bado."

Ubwa alikuwa ameshafika njiani, walikosimama majirani. "Kaa na nyumba yako! Sitaki hata jiwe lake!"

"Sema tena, kwa sauti. Wakusikie."

Akasema tena.

Tangu siku ile hakuna aliyemgusa. Wala hakuna aliyemsalimu; Salhiya hupita ng'ambo ya njia, na watoto huvutwa mkono wasitazame. Sikukuu ya Idi alipika pilau, akatandika mkeka, akaketi mlangoni na nguo yake mpya. Takbiri zilikwisha, watu wakatembeleana, vicheko vikapita nje ya ukuta wake. Hodi haikupigwa. Pilau ikapoa.

Jua lilipopinda, vitu laini vilianza kutua kutoka mkunguni juu ya paa la bati, kimoja, kingine, vingi. Kisha pakawa kimya, kama wageni wanaongoja mlango ufunguliwe.