Cheo cha Mgeni na Shamba la Mjomba

Mgeni wangu alikuwa Mwingereza mwenye cheo cha ukoo. Kwao wanakiita baroneti: baba akifa, mwanawe wa kiume anakipokea na kuheshimiwa hata kama ni mvivu. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Alikuwa pia mbunge, hadi wapiga kura walipomchoka. Baada ya hapo akaanza kuzunguka dunia akitazama ndege, na mimi, dereva wa watalii nisiyetulia mji wowote, nikamleta Singida aone heroe wa ziwani.

Njiani aliniambia kinachomnyima raha. Ana binti tu, na binti hapokei cheo. Akifa yeye, nacho kimekwisha.

"Wazee wangu wamenishikisha kitu," alisema, "na mimi ndiye nitakayekiangusha."

Nikakaza macho barabarani, maana na mimi nilikuwa na urithi ulionisubiri kijijini Iguguno. Kwetu Wanyiramba, zamani mtu alirithiwa na mtoto wa dada yake, na mjomba wangu ni mtu wa zamani. Tangu nilipomaliza kidato cha nne aliwatangazia watu kwamba shamba lake la alizeti ni langu nikichoka kutembea. Sikuchoka. Popote nilipolala niliikumbuka harufu ya alizeti ikianikwa, lakini kila nilipopita Iguguno nilikanyaga mafuta.

Safari hii mgeni aliomba aone nilikozaliwa. Nilitafuta uongo, sikuupata.

Tulimkuta mjomba uani akipura alizeti kwa fimbo. Mgeni, niliyemfundisha salamu asubuhi ile, akasema shikamoo kwa adabu zote. Mjomba akamtazama mvi.

"Huyu kanizidi umri. Mrudishie shikamoo yake, halafu umpe na yangu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, gari limeharibika?"

"Hapana, mjomba. Shikamoo. Nimekuja kusalimia."

"Marahaba. Nikadhani limeharibika, maana leo umesimama."

Tulipokuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda, nikamweleza mjomba habari ya cheo cha mgeni.

"Hana dada?" mjomba akauliza.

"Anaye."

"Dada hana watoto?"

"Anao, wa kiume."

"Sasa analia nini?"

Nikamwambia sheria yao haiwatambui wapwa. Mjomba akatafuna kwanza.

"Mimi sheria ilinipa mpwa, barabara ikamchukua. Nimewaita watu wa ukoo, nikawaambia shamba ni la dada yako. Naye si mtoto wa dada yangu? Ndiye anayelima. Usininunie."

Sikununa. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia ambalo mabega yalishalizoea. Nikamtafsiria mgeni. Akaacha kula.

"Muulize, ukoo ulikubali?"

"Walinung'unika," mjomba akajibu, "wakala mbuzi wangu, wakaenda."

Mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Tulipokuwa tunarudi mjini alisema nyumba na miti ya babu zake binti yake anaweza kuvipata, hakuna sheria inayomzuia. Cheo acha kife, hakijawahi kumwagilia mti. Halafu akalala usingizi mpaka Singida mjini.

Siku hizi nikipita Iguguno nasimama. Mjomba huuliza kama gari limeharibika, dada yangu hunikabidhi fimbo, nami napura alizeti mpaka jasho linitoke. Kisha naaga, na hakuna anayeniuliza nitarudi lini.