Siku Senge Alipojiona kwenye Televisheni

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo hata nikiombwa niisahau siwezi. Wala si ya zamani. Mvi hizi unazoziona nilikuwa nazo tayari. Siku hiyo nilivaa suti, vijana wa televisheni wakaniitia teksi kwa simu, nikapelekwa Kilimani kutazama ujana wangu ukiigizwa. Nilitoka huko nimepigwa na butwaa, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Nikueleze kwa utaratibu. Mimi ni mwandishi. Nilipokuwa na miaka thelathini na kitu nilitoa kitabu kuhusu maisha yangu, kikapendwa, wengine wakalia walipokisoma. Juzijuzi binti mmoja aitwaye Njeri, mwenye ofisi ya kutengeneza vipindi pale Hurlingham, alinijia akitaka kukigeuza tamthilia. Nilitia sahihi karatasi zake bila hata kuvaa miwani. Mzee akisifiwa sana huacha kusoma karatasi, na mimi nilisifiwa mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Sasa ujana wenyewe. Nililelewa Kitisuru, mtaa wa matajiri, lakini usinidhanie mtoto wa tajiri. Wazazi wangu walifariki mapema, nikachukuliwa na Senge. Ndivyo sisi watu wa Bungoma tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Alikuwa mpishi wa tajiri mmoja huko, nami niliishi naye kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya jumba. Senge hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Hata hivyo kila jioni aliniketisha na daftari langu, akatazama mkono wangu ukiandika kana kwamba anafuata kila neno. Mimi nilimlipa nini? Nilitoroka shule. Nilivuta bangi, nikanywa pombe ya kienyeji na watu walionizidi umri. Tena nilikuwa mwizi. Niache nilitamke hivyo hivyo, maana nimechelewa sana kulitamka.

Tajiri yule alikuwa na chumba kizima cha vitabu. Senge akiwa jikoni, mimi nilikuwa nikiingia humo, nachomoa kimoja, nachana ukurasa wa mbele wenye jina la mwenyewe, halafu nakipeleka mjini kwa wauza vitabu wa kando ya barabara. Hao hubadilishana na wateja: unatoa chako kizuri, unaondoka na viwili vilivyochakaa. Nilisoma sana kwa njia hiyo, sikatai. Ila nilikuwa mjinga. Marehemu baba yake tajiri alikuwa na mazoea ya kuandika maoni yake pembeni mwa kurasa, nami ukurasa wa mbele tu ndio niliouchana. Siku moja tajiri alikuwa akipita mjini, akakuta mwandiko wa baba yake umetandazwa juu ya gunia.

Alirudi amefura. Alitusimamisha sote wawili jikoni, akauliza ni nani kati yetu. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, kwa sababu Senge alinitangulia.

"Ni mimi, bwana."

Mwanamke asiyejua herufi hata moja, eti ameiba vitabu! Nadhani tajiri alijua ni uongo, lakini alitaka mtu wa kufukuza. Siku hiyo hiyo tulibeba magodoro tukahamia Kangemi, mtaa wa watu maskini. Senge hakupata tena kazi ya upishi kwenye nyumba kubwa. Alifulia watu nguo mpaka vidole vikapinda. Hakunikumbusha jambo lile hata mara moja, na ndiyo maana niliacha ulevi nikarudi shule, aibu ilinizidi.

Unaona basi mtu wa namna gani alinilea. Na mimi kitabuni niliandika nini? Niliandika kwamba shangazi ndiye aliyekuwa mwizi, na kwamba aliposhikwa alinisukuma mbele ili nibebe lawama. Nilitaka msomaji anihurumie. Nilitaka kuwa yatima mwema aliyeonewa. Nilijiambia kwamba Senge hajui kusoma, hatajua kamwe. Nilimpelekea nakala, akalipapasa jalada lenye picha yangu, akaiweka kabatini pamoja na Biblia yake, akaniombea. Nilikunywa chai yake siku hiyo, tena vikombe viwili.

Jambo nililosahau ni kwamba televisheni haimuulizi mtu kama anajua kusoma.

Ile Jumamosi, basi, niliingia ukumbini nikamkuta Njeri ananisubiri mlangoni, meno yote nje. "Mzee, tumekuletea mgeni," aliniambia. "Tulimtafuta huko Kangemi hadi tukampata." Nilitazama safu ya mbele. Senge alikuwa ameketi pale na kitambaa chake cha kanisa kichwani, pembeni yake Nanjala, bintiye wa pekee aliyemzaa baada ya sisi kuhamia Kangemi. Ningekuwa kijana ningekimbia. Nilikaa kando yake.

Mwanzoni Senge alifurahi sana. Aliona jiko, akacheka. Aliona mwigizaji aliyevaa aproni nyeupe, akanigusa goti akasema, "Ona, hata mimi nilikuwa na hiyo." Halafu yule mwigizaji akaingia chumba cha vitabu. Akatazama nyuma, akachomoa kimoja, akakisokomeza ndani ya aproni. Kicheko cha Senge kilikatika.

"Wafula," aliniuliza taratibu, "huyo mama ni nani?"

"Ni mtu wa kutungwa, Senge."

Umeniona? Kwenye kiti kile kile, na umri huu, nikamdanganya tena. Tajiri wa kwenye televisheni akafoka, na yule mwigizaji, kama nilivyoandika mimi mwenyewe, akamshika mtoto shingo akamsukuma mbele. "Ni huyu! Mfukuze huyu!" Watu ukumbini waliguna kwa uchungu. Walikuwa wakinihurumia mimi.

Taa ziliwashwa, makofi yakapigwa. Njeri alikuja mbio, akapiga magoti mbele ya Senge kwa furaha. Hakuwa na ubaya wowote, msichana wa watu; alidhani mimi na Senge tulishasameheana zamani. "Shosho, bibi yetu, umejiona? Ni wewe huyo!"

Senge alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Sijawahi kuona uso kama ule, na naomba nisiuone tena. Nilidhani atanizaba kofi, na afadhali angenizaba. Alisimama akiegemea bega la Nanjala.

"Wafula," alisema, ukumbi mzima ukimsikia, "ile siku nilisema ni mimi kwa sababu ulikuwa mtoto. Sasa wewe ni mzee. Waambie hawa watu."

Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe. Lakini nilisimama. Nilisema mimi ndiye niliyeiba vile vitabu, kwamba huyu mama alibeba kosa langu akapoteza kazi, na kwamba kitabuni niligeuza mambo ili nionekane mwema. Maneno machache tu. Nimeandika kurasa nyingi maishani, lakini hayo machache yalinitoa jasho kuliko zote.

"Mzee, hapana," Njeri alisema, amejishika kichwa. "Hii kitu inaenda hewani wiki ijayo. Sasa tutafanya aje?"

Kabla sijamjibu nilimsikia Nanjala akilia. Nilidhani analia kwa hasira juu yangu. La.

"Mama, hiyo kitabu nilisoma nikiwa sekondari," alisema. "Nilijua ni wewe. Nikaamini."

Senge aliketi polepole. "Miaka hiyo yote," alisema, "na hukuniuliza?"

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu kabisa. Nilikuwa nimejifariji kwamba uongo wangu ulikuwa umelala kabatini bila kumdhuru mtu. Kumbe ulikuwa ukila mezani pamoja nao. Mtoto alimheshimu mama yake kwa nje, na ndani akamhesabu mwizi, tangu usichana wake mpaka akawa na watoto wake. Na mimi nilikuwa nikienda kuwatembelea na mikate miwili, najiona mwana mwema! Senge aliondoka bila kunipa mkono.

Jumatatu nilikwenda Hurlingham. Njeri alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Kuigiza upya haikuwezekana. Nilimwomba basi aniweke mbele ya kamera niseme maneno yangu, na yaonyeshwe kabla ya kila sehemu ya tamthilia. Alinitahadharisha kwamba watu watanicheka mtandaoni. Wamenicheka, na bado wanaendelea.

Sehemu ya kwanza ilipoonyeshwa nilikuwa Kangemi, kwa Senge. Sikualikwa, nilijipeleka. Sebule ilijaa akina mama wa kanisa, majirani na wajukuu. Uso wangu ukatokea. Nikajisikia nikisema: "Mimi ndiye niliyeiba. Shangazi yangu hakuiba kitu. Niliandika uongo, naye yuko hai, na leo naomba mumjue alivyo." Muziki wa tamthilia ukaanza.

"Zima hiyo kitu," Senge alimwambia Nanjala. "Nilikuwa nataka kusikia hapo tu."

Nanjala akazima. Akaenda akaketi karibu na mama yake, akamlalia begani mbele ya watu wote, mama mzima mwenye watoto wakubwa. Ujana wangu haukutazamwa na mtu yeyote katika nyumba ile. Mimi nilipewa chai kama mgeni mwingine yeyote. Hajaniambia amenisamehe, nami sijathubutu kumuuliza.

Kwa hiyo mwanangu, nakuambia waziwazi. Ukitaka kusimulia shida ulizopitia, simulia, lakini anza na lile ulilofanya wewe. Usimchafue mtu kwa sababu tu unajua habari hazitamfikia. Nyinyi mnaandika kwenye simu kila saa, na nawaogopea. Na kama umewahi kusikia ubaya wa mzazi wako, mwendee ukamuulize leo, kabla hujamhukumu moyoni kwa miaka ishirini huku unakula chakula chake. Aliyekukinga ulipokuwa mdogo, ukikua simama useme alichokufanyia.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, mwanangu. Na wale uliowakosea, akuwekee hai mpaka uwafikie.