Leah na Daktari Aliyehamishwa

Kabla ya kukaa, Leah alifuta kigoda kwa ncha ya kanga yake. Akiinuka alikifuta tena, ili anayefuata asikute joto la mtu mwingine. Alifanya hivyo nyumbani kwangu Naipingo miaka yote ya ujirani wetu, na alifanya hivyo kwenye mabenchi ya zahanati huku foleni ikimcheka.

Yeye na mumewe Makoye walikuja na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa, na nilimsindikiza siku ya kuandikisha bima ya afya ya kaya yao. Mwandikishaji alimuuliza angependa kuanzia matibabu kituo gani.

"Kwa Dionisia," akajibu.

Dionisia alikuwa daktari wa zahanati yetu, binti wa Kimwera. Ndiye aliyegundua kisukari cha Leah, na alimwita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma cha kwao Leah. Mwandikishaji akacheka, akaandika jina la zahanati. Leah hakucheka. Alikuwa amemchagua mtu.

Masika yaliyofuata Dionisia akahamishiwa Malolo, wilaya ya Ruangwa, na nafasi yake akaja kijana aitwaye Nicholaus. Siku zilezile Leah alichomwa mwiba mguuni akiwa machungani. Kidonda kikagoma kupona, kikaanza kunuka. Nicholaus alipotaka kukitazama, Leah akaufunika mguu kwa kanga.

"Mama, niruhusu nikuandikie rufaa ya hospitali. Bima itakulipia kule. Kidonda cha kisukari kikichelewa, wanakata mguu."

"Mimi nina daktari wangu," akasema, akaondoka akichechemea.

Jioni nikaenda kwao. Makoye alikuwa anakamua.

"Mgombeze wewe, mwalimu," akaniambia bila kugeuka. "Mimi ananiona kama ndama."

Leah akanieleza taratibu. Kwao, mganga aliyekutibu humwachi kimyakimya ukaenda kwa mwingine. Unamuaga, unampelekea kuku, naye anakuruhusu. Usipofanya hivyo, dawa ya yule wa pili inakataa mwilini. Na Dionisia alihamishwa ghafla, Leah akiwa mbali, machungani. Hawakuagana.

"Lakini mama, mambo ya bima hayana kuku," nikamwambia.

"Ninyi watu wa korosho, zaidi ya mabibo mnajua nini? Bima haijui kuku, sawa. Mguu unajua."

Asubuhi Makoye akampakia kwenye bodaboda ya kwenda Malolo, nami nikapanda nyingine, jogoo mweupe kwenye kikapu mapajani mwangu. Njia nzima nilikuwa nikiutazama mguu ule uliofungwa ukining'inia mbele yangu, nikiogopa kwamba tunaupeleka kuuaga.

Malolo, Dionisia aliacha wagonjwa wake akatoka nje. Alipiga magoti pale uwanjani, akafungua kitambaa. Uso ukambadilika.

"Mayu, hiki kinataka hospitali. Leo, si kesho."

"Unanifukuza?"

Dionisia alimtazama Leah, akamtazama jogoo, kisha akanitazama mimi. Sikuhitaji kumweleza kitu. Akampokea jogoo kwa mikono miwili.

"Nakukabidhi," akasema.

Akampigia simu Nicholaus, akafungua spika ili Leah asikie. "Mwenzangu, huyu ni mama yangu. Nimemruhusu aje kwako. Mwandikie rufaa, na ukimfunga kidonda usibane, anavumilia mno, hatakwambia."

"Nimepokea, dada," sauti ikajibu. "Na mimi ni mwanawe."

Leah akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Tuliporudi Nicholaus alikuwa anatusubiri mlangoni, na safari hii Leah aliufunua mguu mwenyewe. Hospitali walimkata vidole viwili. Mguu ukabaki. Baada ya hapo Nicholaus alimsafishia kidonda mpaka kikafunga, na wakati mwingine nilipopita niliwasikia wakitaniana, Leah akimfundisha kijana kuhesabu kwa Kisukuma.

Kiangazi Makoye akahamisha ng'ombe kuelekea Liwale, kufuata malisho. Huko ndiko Leah alikofariki mwaka jana, kwa homa ya mapafu. Siku ile ya kuhama alipita kwangu akitokea zahanati kuaga. Macho yalikuwa mekundu. Alinishika mkono, akakaa nao muda.

"Mwalimu," akasema, "ukimwona Dionisia mwambie asinune. Huyu kijana naye ana mkono mzuri."