Siku Niliyozima Uzi wa Kusikiliza

Nakumbuka vizuri ile Jumamosi nilipomwambia mwalimu mkuu, kwa maandishi, kwamba tumbo lake hufika gwaride dakika mbili kabla yake. Usicheke, mwanangu wa Kidato cha Kwanza. Nina miaka kumi na saba tu, lakini shule hii ukifika Kidato cha Nne umekuwa mzee, na mzee hana budi kuacha nasaha kabla hajaenda zake.

Klabu yetu hapa Thika ina kompyuta mbili. Moja iko maabara, nyingine ofisi ya karani, na waya umepitishwa dirishani. Wiki ile mkuu alikuwa anaamua kama zibaki zetu au ziwe za kupigia chapa barua za shule. Barua pepe tulikuwa tunazisikia redioni tu, kwa hivyo Madam Wairimu, mwalimu wetu wa hesabu, aliniambia mimi na rafiki yangu Mutua tutengeneze programu ya kupiga gumzo. Mimi niandike huku, yeye ajibu kule, mkuu afunguke macho.

Mashine ya ofisini ndiyo seva: inakaa ikingoja kuitwa. Ya maabara ndiyo inayoita. Zikishaitikiana, kila upande unabaki na soketi, ambayo ni kama mdomo wa bomba: ukimimina maneno huku, yanatokea kule. Shida ni kwamba programu ikikaa kungoja maneno ya mwenzako imeganda, huwezi kuandika hata "niaje". Ndipo Madam akatuonyesha nyuzi, yaani kuigawa programu iwe kama vibarua wawili wasiongojana. Uzi mmoja unatuma unachopiga kwenye kibodi. Wa pili hauna kazi ila kusikiliza soketi.

"Huu wa kusikiliza uanze kwanza," Madam alisema. "Njoroge, umenisikia?"

"Nimesikia, Madam." Mwongo mimi.

Ule uzi wa pili ulikuwa umenichosha. Nikiwa katikati ya utani mtamu, maneno ya Mutua yanarukia skrini na kukata sentensi yangu vipande. Nikapata dawa: programu yangu ianze bila kusikiliza, mpaka niandike neno SIKIA. Niongee kwanza, watu wacheke, makofi nitayasikia baadaye.

Basi Jumamosi hiyo, mimi maabara na Mutua ofisini, nikamtumia utani wa tumbo. Kimya. Nikaongeza wa suruali ya mkuu, ile inayovutwa hadi kifuani. Kimya. "Amekufa kwa kicheko," nikajiambia, nikatuma wa tatu, ambao siuandiki hapa kwa sababu mama yangu husoma kila kitu. Kisha nikapiga SIKIA.

Maneno hayakuwa yamepotea, mwanangu. Yalikuwa yamepanga foleni kama wageni waliofungiwa nje, na sasa yakaingia kwa mpigo mmoja:

Wacha.

Njoro wacha, mkuu ameingia.

Amekaa kwa kiti yangu!!

MIMI NI MWALIMU MKUU. ENDELEA, NASOMA.

Ngai! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimelizima la mkuu kwa vidole vyangu mwenyewe.

Jumatatu mama, aliyeitwa na mkuu, akaja na dastikoti yake ya kiwanda cha nguo, ametoka zamu Eneo la Viwanda. Mkuu alisema tu, "Mama Njoroge, hizi mashine zinaenda kwa karani. Zimekuwa za matusi." Mutua akaangalia viatu vyake. Hapo ndipo nilipoumia, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akinionya.

"Mashine haina kosa, mwalimu," Madam akasema. "Huyu ndiye aliyeiziba masikio. Mpe dakika kumi."

Nikaufuta ujinga wangu, uzi wa kusikiliza ukaanza kwanza. Mama akaketi maabara, mkuu ofisini, wakidonoa herufi moja moja kama kuku. Mkuu aliandika "Habari za kazi" wakati uleule mama akiandika "Huyu ni wako pia, mchape." Hakuna aliyemngoja mwenzake, na yote yakafika. Kupitia dirisha tukasikia mkuu akicheka hadi kukohoa. Mashine zikabaki. Mimi pia nikabaki, na ufagio wa maabara mpaka muhula uishe.

Basi shika hili, mwanangu. Kabla hujafungua mdomo, anzisha sikio, na usilizime ati kwa sababu linakukatiza utamu. Rafiki anayekukatiza mara nyingi amemwona anayeingia mlangoni. Mungu akupe waya usiotafunwa na panya, kibodi isiyong'oka herufi, na Mutua wa kukuonya hata kama umejifanya kiziwi.

Jioni hiyo tulishuka matatu hapo Ruiru tukielekea nyumbani, nami kifua mbele. "Mama, si umeona vile nimeirekebisha?"

Mama akasema, "Nimeona. Mashine umeifundisha kusikiliza kwa dakika kumi. Mimi na wewe ni mwaka wa kumi na saba. Beba hii kiondo."