Elfu Tatu na Mia Tano ya Nini?

Mimi ni mwepesi wa hasira, na sioni sababu ya kuficha. Nimeuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, na tilapia Kamembe miaka mingi, na asiyenijua kwa samaki wangu ananijua kwa mdomo wangu. Kwa hiyo nikisema kuna fundi mmoja niliyemheshimu kuliko mapadri walionipa komunyo kule Bukavu, mjue sisemi ili kumpendeza mtu.

Alikuwa mzee wa Kiislamu, fundi wa friji, na kofia yake nyeupe haikupata doa la oili hata siku moja. Alikuwa na tabia ya kuudhi: hukuweza kumtajia namba tupu. Ukimwambia, "Nipe kumi," anauliza, "Kumi ya nini?" Sokoni tulimtania. Akipita tu, wauza ndizi wanapaza sauti: "Tano!" na wenzao wanajibu: "Ya nini?" Naye anacheka nasi, anaendelea na safari yake.

Sababu alikuwa nayo. Mashine za baridi zilitufikia kutoka kila upande, nyingi zimeshatumika, na kila moja ilijisifu kwa kipimo cha kwao. Nyingine ziliandikwa BTU, kipimo cha Waingereza. Mafundi waliosomea kwa Kifaransa walihesabu frigori. Nyingine tena zilisema wati. Alinieleza kwa maji: ukitoa joto la digrii moja katika lita moja ya maji, umetoa frigori moja. BTU ni ndogo, karibu nne ndipo zifike frigori moja. Na mashine ya wati elfu moja inatoa frigori mia nane na sitini kwa saa. Niliacha shule mwaka wa tano, lakini nilielewa, kwa sababu alinieleza kama mtu anayestahili kuelewa.

Alinijengea chumba cha baridi nyuma ya duka. Alipima kuta, akauliza mlango utafunguliwa mara ngapi kwa siku na samaki watakuwa kilo ngapi, akapata kwamba ninahitaji frigori elfu tatu na mia tano kwa saa. Mashine tuliipata Bukavu, ikavuka mpaka kuja Kamembe juu ya mkokoteni. Kibao chake kilikuwa kimeliwa na kutu, lakini namba ilisomeka: 3500. Mzee alifurahi kama aliyepata sindano gizani. Siku ileile alisimama sokoni akatangaza kwamba mashine na chumba vimelingana kama kopo na kifuniko chake. Nikawaambia wavuvi waniletee mzigo mzima Jumamosi. Nilikuwa nimeahidi samaki wa harusi moja kule Giheke, na nyingine kule Nkungu, na jina langu lote liko humo.

Alhamisi asubuhi nilimwona anakuja katikati ya soko, kofia mkononi.

"Maman, usijaze ile chambre ya baridi," alisema. "Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Ile elfu tatu na mia tano ni ya wati, haiko ya frigori. W ililiwa na kutu. Juu yake kuliandikwa BTU elfu kumi na mbili, nikapita tu. Leo nilikuwa natawadha, nikaona maji inatoka mu birika, ile elfu kumi na mbili ikanirudilia. Gawanya kwa ine. Inatoka elfu tatu. Inakosa mia tano."

Nilimrukia. Nilisema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka najifunika uso. Mtu aliyetusumbua sote na "ya nini" yake, kibao hakukiuliza.

"Na ungenyamaza nani angejua?" nilisema. "Ile chumba iko na baridi, niliingiza mukono mwenyewe."

"Iko na baridi kwa sababu iko tupu. Ukijaza, samaki njo itasema."

"Bantu bote banasikia, Mzee."

"Njo maana nilikuja hapa. Hapa njo nilijisifia."

Hasira iliniishia palepale, kama mkaa uliomwagiwa maji. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi sijaona wengi wanaouvua mbele ya soko zima, saa tatu ya asubuhi, bila kulazimishwa na mtu.

Mashine haingeweza kukua, kwa hiyo alisema tupunguze joto linaloingia. Siku mbili tulibandika frigoliti, yale mabamba meupe mepesi, ukutani na darini, yeye juu ya ngazi, mimi nampa gundi na kumtukana kidogo ili tusisahau. Jumamosi nilipokea mzigo pungufu kidogo kuliko niliouagiza. Giheke walikula samaki wazima, Nkungu pia.

Kabla hajaondoka aliniomba ruhusa ya kuandika kitu mlangoni. Aliandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake ulionyooka: "Frigori 3000 kwa saa. Si 3500. Kosa ni langu, fundi." Nilimwambia inatosha kuandika namba. Akasema fundi atakayekuja baada yake lazima ajue kosa lilianzia wapi, asije akaamini kibao.

Mashine ile ilikufa mwaka jana. Mzee alikuwa ameitangulia kwa miaka mitatu. Fundi mpya alikuja na simu yake na diploma yake, akazunguka chumba, akaandika kwenye karatasi, akaniambia, "Maman, hapa tunaweka elfu ine."

"Ya nini?" nikamwuliza.

Alicheka, akidhani namtania. Niliusukuma mlango ukajifunga, ili maandishi yamwelekee. Aliyasoma, akayasoma tena. Kisha akatoa kalamu, akaiegemeza karatasi palepale mlangoni, chini ya lile neno "langu", akaanza hesabu yake upya.